Rangi ya Kucha kwenye Nati

Fundi hakujua kuendesha gari. Naanza na hili kwa sababu watu wa Korogwe wakimsimulia wanaanza na mikono yake, wengine na masikio yake, hili la kuendesha wanalificha utadhani ni ugonjwa. Alikuwa anafungua injini nzima, anaitandaza kwenye turubai kama mtu anayeanika mahindi, anairudisha, inawaka mara moja. Halafu anasogea pembeni, anajifuta mikono, anakwambia uitoe. Yaani uitoe wewe. Kiti cha dereva hakukalia. Nilimuuliza siku moja kama anaogopa, akasema yeye anajua mno vitu vilivyo chini ya kile kiti.

Alikuja kazini na baiskeli, na baiskeli yenyewe haikuwa na breki. Alisimama kwa kandambili. Kandambili ya kulia iliisha kabla ya ya kushoto, kwa hiyo akitembea alikuwa anainama kidogo upande mmoja, kama gari lililovunjika springi. Mlango wa nyumbani kwake ulishikwa na waya. Mimi nikamwambia, Fundi, wewe unazibania watu gari mpaka zinalia, mlango wako umeuacha uchi? Akajibu kwamba mlango haupandi mlima.

Kwao wapi na baba yake nani sijui, sikuuliza. Jina alikuwa nalo ila halikupata kazi. Hata mke wake alimwita Fundi.

Gereji yake ilikuwa nyuma kidogo ya stendi ya Korogwe, mabati juu, mabao pembeni, na chini udongo mweusi wa oili ambao hata kuku waliuzunguka. Ukiingia, kitu cha kwanza ni misumari. Safu nzima kwenye ukuta wa mabao, na kwenye misumari kofia. Kapelo, barakashia, kofia za ukili, moja ya sufu ya dereva wa Lushoto aliyeshuka na baridi yake. Mgeni angedhani mzee anauza kofia.

Zile kofia zilikuwa za madereva. Ukifungiwa propela na Fundi, unaacha kofia. Propela, kwa asiyejua, ni lile bomba refu chini ya gari linalozunguka, linachukua nguvu kwenye giaboksi linapeleka nyuma kwenye difu, inayozungusha magurudumu. Kila mwisho wake una sahani ya chuma, inakutana uso kwa uso na sahani nyingine, na bolti nne zinazibana. Fundi alifunga bolti mpya, akakwambia nenda safari moja, uende mzigo urudi, halafu njoo nikaze tena. Ukirudi akikaza, unachukua kofia yako. Usiporudi, kofia inabaki ukutani na kila anayeingia anajua ya nani. Mwalimu mmoja hakuwa na kofia, akaacha tai. Ilikaa wiki nzima, wanafunzi wanapita kuichungulia.

Na ilifanya kazi, maana abiria nao walijua. Akina mama wa ndizi walikuwa wanakutazama kichwa kabla ya kukutazama gari. Dereva ambaye siku zote ana kofia, leo kichwa kitupu, anaambiwa: wewe hujakaza, nenda kakaze kwanza. Mama mzima na tenga lake anashuka.

Mimi nilikuwa na kapelo ya kijani, mbele imechanika, nimeishona mwenyewe kwa uzi mweupe. Hakuna mtu kati ya Handeni na Korogwe ambaye hakuijua. Na gari niliyoendesha ilikuwa pikapu ya tajiri wangu, pikapu yenyewe imenizidi umri. Tuliiita Mkwe, kwa sababu ilitaka heshima na haikuridhika na chochote.

Fundi aliongea na bolti. Si utani, nilimsikia. Na kwake bolti ilikuwa mtu: huyu kachoka, huyu bado ana nguvu, huyu mwongo. Akizitoa kwenye gari kuukuu alikuwa anazipanga juu ya kitambaa, anazipima moja moja na mpya. Nyingi zilikuwa zimerefuka. Chuma kimevutika, unakiona kabisa pale katikati kimekonda. Alisema bolti aliyekazwa mara tatu ni kama mpira wa kaptula, unaufunga lakini haushiki. Mimi nikasema si kaptula, Fundi, hiyo ni chupi. Akaniambia nitoke gerejini kwake. Nikatoka, nikachungulia dirishani, nikamkuta anacheka na bolti.

Somo lake la propela nililipata mara nyingi mno, naweza kulitoa nimelala. Alikuwa anakutanisha viganja vyake viwili kwa nguvu, anakwambia uviteleze, kimoja kipande kingine kishuke. Unasukuma, huwezi. Halafu anapaka oili kidogo, anakutanisha tena, anakwambia sukuma. Vinateleza kama sabuni.

"Bolti habebi," anasema. "Bolti anabana. Wanaobeba ni hawa wawili."

Maana yake watu tunadhani bolti nne ndizo zinazovuta gari mlimani. Hapana. Zinazovuta ni zile sahani mbili zilizoshikana, na bolti kazi yake ni kuzibana zisiteleze. Zikishateleza, hata unywele mmoja, basi bolti inageuka kitu cha kukatwa. Inapigwa mbele ukikanyaga moto, inapigwa nyuma ukiachia, mbele, nyuma, mpaka inanyofoka. Gari kuukuu ndiyo inaumia, maana kwenye zile sahani kuna kutu, kuna rangi aliyopaka fundi wa mwaka juzi ili ipendeze, kuna grisi, wosha zimelala, krosi, kile kiungo cha mwisho wa propela, imelika kwa hiyo propela nzima inatetemeka. Ndiyo maana yeye alikuwa anasugua sahani kwa msasa na petroli mpaka unaweza kuandalia wali. Na ndiyo maana ya kurudi kukaza: ile kutu na rangi iliyobaki chini ya nati inasagika safari ya kwanza, kinabaki kinafasi, nati inapumua. Haijafunguka, inapumua tu. Ukiikaza siku hiyo, imekwisha. Ukiiacha, inaanza.

Bolti zake zilikuwa na namba kichwani, imegongwa kwenye chuma. Bila namba hafungi. Alisema asiye na namba hajulikani kwao.

Masikio yake sitayamaliza. Alikuwa anasimama barabarani anafumba macho, gari inapita, anasema giaboksi, au beringi ya kushoto, au huyu ana mgeni amekaa vibaya nyuma. Tik moja ukiingiza gia, ni krosi. Ngo, ni bolti. Mimi nilijaribu kumdanganya, nikakaa barazani kwake nikaiga mlio wa gari mbovu kwa mdomo. Bila kugeuka akasema hiyo haina gari, hiyo ina njaa, akamwambia mke wake aniletee chakula.

Nimefika kwa mke wake, na hapa nakwenda polepole.

Mama, ndivyo sote tulivyomwita, alikuwa mpenda kucha. Sikukuu, harusi, hata siku ya kawaida tu akiamua, anapaka. Rangi yake ilikuwa moja, nyekundu ya kukolea kama juisi ya choya ambayo hujaiongezea maji. Fundi alikuwa anaiba kichupa. Akishakaza nati zote nane, anachora mstari mwembamba kutoka juu ya nati mpaka kwenye sahani. Nati ikigeuka hata kidogo, mstari unakatika, unaona mara moja. Chokaa alijaribu, inafutika. Rangi ya kucha haifutiki kwa matope wala kwa mvua. Basi Mama anakuja gerejini, mikono kiunoni, anadai kichupa chake, Fundi yuko chini ya gari, miguu tu inaonekana, na miguu hiyo imenyamaza. Mama anageukia watu, anasema haya, pandeni, magari yote ya Korogwe yamevaa kucha zangu. Alijifanya amekasirika. Ila shoga zake wakipanda gari aliuliza: mmechungulia chini? Imevaa?

Sijawahi kumsikia Fundi akimpandishia sauti mke wake. Mara moja tu, na mara hiyo nilikuwepo.

Ilikuwa hivi. Mkwe alifungwa propela, bolti nane mpya zenye namba, mistari minane ya choya. Nikaacha kapelo yangu msumarini. Fundi akaniambia: Handeni, urudi, halafu hapa. Nikasema sawa, mzee wangu.

Handeni nilikwenda. Kabla ya Sindeni nikaanza kusikia ngo. Nikaongeza redio. Nilipofika nikachungulia, na pale nyuma kwenye difu, kati ya bolti nne, mbili hazipo. Zimekwenda zake. Mbili zilizobaki mistari imekatika. Sijui kama alikosea au ndivyo kutu ya Mkwe ilivyokuwa nyingi, ila hili najua: ile ngo niliisikia nikaendelea mwendo wa saa nzima. Mtu mwenye akili angepiga simu. Fundi angekuja mwenyewe na basi, bolti mfukoni, angenitukana Kizigua chote, angefunga, yangeisha.

Lakini kesho yake asubuhi tajiri alikuwa na saruji ya kupandisha juu ya Kwashemshi, na niliogopa kuambiwa nimelaza gari. Na nikisema kweli, niliogopa zaidi kile kicheko cha stendi, kwamba mimi ninayewacheka wote nimedondosha bolti njiani kama ng'ombe anayedondosha kinyesi. Nikaenda duka la vifaa hapo Handeni mjini. Bolti za gari hawakuwa nazo. Walikuwa nazo za kuunganishia vitanda vya chuma, zinang'aa vizuri sana, unene uleule. Kichwani laini, hakuna namba. Nikachukua mbili. Nikalala chini ya Mkwe, nikazifunga kwa spana malaya, ile inayokubali nati yoyote, zile mbili za zamani nazo nikazikaza nilivyoweza.

Halafu nikafikiria mistari.

Hapa ndipo akili yangu inaponiponza. Bolti ningeweza kusema sikujua. Lakini nilisimama, nikafuta mikono, nikaenda duka la vipodozi nikaomba rangi ya kucha nyekundu. Dada wa duka akaniuliza ni ya mchumba. Nikamwambia ni ya mkwe. Akacheka, nami nikacheka, nilijiona mjanja. Nikakwangua mistari iliyokatika, nikachora minne mipya. Mkono wangu ulitulia kuliko wa Fundi.

Korogwe nilipita nimeweka gia frii, injini inanong'ona, ili asinisikie. Na kichwani nilivaa barakashia ya babu yangu. Asubuhi ile stendi wakasema huyu kaongoka.

Mama mmoja wa ndizi, shoga wa mke wa Fundi, alikuwa anarudi kwake mlimani na matenga matupu. Akanitazama kichwani. Akauliza kapelo iko wapi. Nikamwambia siku hizi niko kwenye ibada, mama, kapelo ni mambo ya dunia. Akacheka mpaka akashika ubavu, akapanda nyuma juu ya saruji.

Kona ya pili baada ya Kwashemshi, pale barabara inaposimama kama ngazi, nikaingiza gia ya kwanza. Ngo. Halafu ngo ngo. Halafu mlio kama mtu kaangusha masufuria yote ya harusi. Propela imeachia nyuma, mbele bado inazungushwa, inapiga chini ya gari kama mtu anayetaka kuingia ndani. Ikapiga bomba la breki. Nikakanyaga, mguu ukazama. Breki ya mkono ya Mkwe siku zote ilikuwa pambo. Tukarudi nyuma, mimi nageuza shingo, nikamlaza kwenye ukingo wa udongo. Gari ikasimama kwa kishindo. Mama wa ndizi alirushwa na matenga yake, akaangukia mkono.

Hakufa mtu. Nalisema haraka kwa sababu na mimi nililishika haraka. Lakini ule mkono ulipona umepinda, na mpaka leo tenga analibeba bega moja.

Watu wakajaa. Tajiri wangu akafika na bodaboda, akatazama, akauliza swali moja tu: nani kaifunga hii propela?

Nikasema, "Fundi."

Neno moja. Na halikuwa uongo, hilo ndilo baya lake.

Walipokuwa wanamshughulikia mama, mimi nilitembea pale propela ilipoachia. Vichwa vya bolti vilikuwa vimeruka porini. Kimoja nilikiona kwenye vumbi, laini, kinang'aa. Nikakikanyaga kwa kiatu. Watu walipogeuka nikakiokota nikakitia mfukoni.

Fundi alikuja, na mke wake nyuma kwenye bodaboda ya pili, kwa ajili ya shoga yake. Hakusalimia mtu. Akaingia chini ya Mkwe akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa na taa ya simu mkononi na sura ambayo sikuwahi kuiona. Vipande viwili vya bolti vilikuwa vimekwama kwenye matundu yake, nati bado juu yake. Akatuita tuchungulie.

"Mstari haujasogea," alisema.

Watu hawakuelewa, akawaeleza. Taratibu, kama anavyoeleza siku zote. Kwamba nati haikulegea. Kwamba bolti imekatika ikiwa imekazwa, kama alivyoikaza yeye. Mtu mmoja akasema lakini huyu dereva hakurudi kukaza, mbona kofia yake iko ukutani? Na Fundi akanitetea. Alisema ni kweli sikurudi, lakini hata ningerudi angekuta mstari umenyooka, angenipa kofia yangu niondoke. Kwa hiyo kosa si la kijana. Kosa ni la bolti aliyoichagua yeye, au la mkono wake.

Mama, mke wake, alikuwa amechuchumaa pembeni, ananyoosha shingo kutazama. Akasema polepole, "Fundi, hii rangi si yangu."

"Nyamaza."

"Yangu imekolea. Hii ni ya pipi."

"Nimesema nyamaza. Usinitafutie njia."

Alisema hivyo mbele za watu wote, kwa sauti ambayo hata boda walizima injini. Alidhani Mama anamtetea, unaona. Alidhani mke anatunga ili mume apone, na yeye kwenye kazi yake hakupona kwa kutungiwa. Mama akainuka. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Mimi nikatazama matenga.

Mwezi uliofuata Fundi aliwafuata madereva wote, mmoja mmoja, akafungua kila propela aliyoifunga mwaka ule, akafunga upya bure. Akaanza kukaza mno. Bolti nzima, zenye namba, zikawa zinakatikia mkononi mwake, anazitazama, anachukua nyingine. Kisha akaacha propela, akawa anafanya injini tu. Kisha stelingi hataki. Kisha breki hataki. Stendi wakasema macho, wengine umri. Mmoja akasema Fundi sasa anafunga bolti kwa dua, na watu wakacheka, ule utani ukafika mpaka Mombo. Ule utani niliutunga mimi. Tajiri aliponiuliza kwa nini sicheki na wenzangu siku hizi, ndiyo nikautunga.

Gereji ikafungwa. Wakahamia Hale kwa binti yao. Nikasikia Mama anaumwa, nikasema nitakwenda nikipata mzigo wa huko. Nikasikia amefariki. Siku ya mazishi nilikuwa na machungwa, na machungwa yanaoza, hivyo ndivyo nilivyosema. Kile kichwa cha bolti nilikuwa nimekiweka kwenye droo ya Mkwe, na kila kona kilikuwa kinabingirika, tak, kinarudi, tak. Ningeweza kukitupa dirishani siku yoyote.

Miaka mitatu hivi. Juzi juzi nikapata mzigo wa Hale kweli.

Fundi siku hizi anatengeneza vyerehani. Nilimkuta kwenye baraza ya duka, karibu na nyumba za wafanyakazi wa umeme, ana cherehani kimelazwa ubavu mbele yake. Amekonda. Nilisimamisha Mkwe mbali kidogo nikaenda kwa miguu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Mkwe hajambo?"

"Hajambo."

"Hajambo wapi, nimemsikia anakuja. Krosi ya nyuma imekufa." Alikuwa hajainua kichwa. Akasema amependa vyerehani kwa sababu hata kikiharibika vibaya namna gani, kinachokatika ni uzi.

Nilikuwa nimejiandalia maneno kuanzia Segera. Yalianza na utani, maana mimi bila utani mlango siuoni. Ukakwama. Nikatoa kile kichwa cha bolti nikakiweka kwenye kiganja chake.

Macho yake hayaoni vizuri karibu, akakipapasa kwa dole gumba. Akarudia. Akakigeuza, akarudia tena.

"Hana namba," alisema.

"Hana."

"Wa wapi huyu?"

"Handeni. Bolti ya kitanda. Nilifunga mbili."

Dole gumba likaendelea kuzunguka. "Na mstari?"

"Nilichora mimi. Rangi nilinunua hukohuko."

Akazungusha gurudumu la cherehani kidogo kwa mkono, sindano ikapanda, ikashuka, hakuna kitambaa. Nilidhani atanitukana, nikawa naomba anitukane. Alichosema kilikuwa kidogo, na hakusema kwa ajili yangu.

"Mama aliniambia."

"Alikuambia, Fundi."

"Nikamwambia anyamaze. Mbele za watu." Gurudumu likazunguka tena. "Hakusema tena habari ile. Mpaka anaondoka. Kucha nazo akaacha kupaka."

Baadaye akaniuliza kama nimeshawaambia kule stendi. Nikasema bado, nimeanza na yeye. Akatikisa kichwa. Akasema yeye hakuwa anamlaumu mtu, alijilaumu mwenyewe, sasa hilo nimemwondolea, asante. Lakini uongo, akasema, mimi sikuusema masikioni kwake. Niliusema mlimani, wakausikia watu, wakaushusha Korogwe. Basi nilikuwa sijasema bado.

Akainuka, akaingia ndani. Nikasikia anapekua. Alitoka na gunia dogo, na spana namba kumi na nne. Gunia lilikuwa na kofia, zile za wasiorudi, alihama nazo. Spana akanipa mimi. Akasema nikaingie chini ya Mkwe nikaze nyuma, yeye atasikiliza.

Nililala kwenye vumbi la Hale nikakaza nati nne, yeye kasimama juu yangu kafumba macho. Ya kwanza akasema bado. Bado. Hapo. Ya pili, ya tatu. Ya nne nilipoivuta akasema imetosha, unataka kumuua. Kumbe mkono wake ulikuwa haujaenda popote. Miaka mitatu aliuweka kwenye vyerehani, nao ulikuwa mzima.

Nilipotoka nikamwuliza, nichore?

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kichupa. Choya. Imebaki chini kabisa, imeganda. Alikitazama, nikanyoosha mkono. Akakirudisha mfukoni akafunga kishikizo.

"Wewe utakuwa unachungulia," alisema.

Halafu akapekua gunia, akatoa kapelo ya kijani yenye uzi mweupe. Imeshika harufu ya oili. Nikasema, Fundi, hiyo siistahili, safari yenyewe sikurudi.

"Vaa," alisema. "Watakuuliza umeitoa wapi."

Kutoka Hale mpaka Korogwe nilisimama mara nne, nikaingia chini ya gari kuchungulia nati zisizo na mstari. Jua lilikuwa kali bado nilipoingia stendi. Wapo wote, wale wale, wamekalia tairi zao. Akina mama wa ndizi wapo, na yule wa bega moja yupo. Yeye ndiye aliyeiona kwanza. Akaweka tenga chini, akanitazama kichwani kwa muda, na stendi ikaanza kugeuka mmoja mmoja kufuata macho yake.

"Wewe," akasema, "kofia hiyo umeitoa wapi?"

Wengine walishaanza kutabasamu, wanasubiri nichekeshe. Nikazima injini.